Neno kwa Wazazi: Gongo Huazimwa, Jino Haliazimwi



Shule inapoanzisha mchezo mpya, barua hufuata nyumbani. Mtoto huitoa katika mkoba wake jioni, nayo yasema kwamba wanafunzi wameanza kufundishwa mpira wa magongo, na kwamba kila mzazi anaombwa amnunulie mwanawe gongo, kinga za miguu, kinga ya meno, viatu na soksi ndefu. Mzazi huisoma mara moja, huitazama hesabu iliyo chini yake, kisha huikunja na kuitia kabatini pamoja na barua nyingine za namna hiyo. Siku hupita, mtoto haulizi tena, na mzazi hudhani kwamba shauri lile limekwisha.

Shauri halikwisha. Mtoto yule yuko kiwanjani, na moja katika mambo mawili limempata. Ama amesimama kando akiwatazama wenzake, kwa kuwa mwalimu mwangalifu amemkataza kuingia bila kinga. Ama ameingia hivyo hivyo, muundi mtupu na meno wazi, kwa kuwa mwalimu amemwonea huruma. La kwanza ni huzuni, la pili ni hatari. Nia yangu leo ni kuwaomba wazazi waikunjue barua ile na kuisoma tena kwa utaratibu. Si lazima vitu vyote vinunuliwe kwa siku moja. Lakini viko viwili ambavyo havina budi kutangulia vingine. Wengi hudhani cha kwanza ni gongo. Sivyo. Gongo laweza kuazimwa, jino haliazimwi.

MCHEZO WENYEWE

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuuona, nitaueleza mchezo huu kwa maneno machache. Wanaocheza ni timu mbili, kila moja ina watu 11. Kiwanja chake ni cha urefu wa meta 91.4 na upana wa meta 55, yaani ni kidogo kidogo tu kuliko kile cha kandanda. Kila mchezaji hushika gongo lililopinda mwisho wake, na kwa gongo hilo huukokota mpira, huusukuma au huupiga. Upande wa kushoto wa gongo ni bapa na ule wa kulia umeviringika. Mpira huchezwa kwa upande ulio bapa, wala si kwa mgongo wake. Hakuna ruhusa ya kuupiga mpira teke, ila kwa mlinda lango.

Sasa na tuutazame mpira wenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mpira huu haupulizwi pumzi kama ule wa kandanda. Ni mgumu, mzunguko wake ni baina ya milimita 224 na 235, na uzito wake ni baina ya gramu 156 na 163. Ukiufumbata mkononi utadhani umeokota jiwe la mtoni lililolainishwa na maji. Gongo nalo laweza kufika uzito wa gramu 737 kwa mujibu wa sheria. Basi fikirini jiwe hilo likipigwa kwa gongo hilo, na mkono wa kijana wa miaka 16 ukiwa nyuma yake.

Waliotunga sheria za mchezo wanayajua hayo. Kumrushia mpira mtu aliye karibu, chini ya meta 5, huhesabiwa kuwa ni hatari, na mwamuzi hupuliza filimbi. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria humtawala mchezaji, haiwezi kuutawala udongo. Timu kubwa za dunia huchezea uwanja wa zulia la bandia ulionyooka kama meza, na mpira hupita chini kwa utulivu. Watoto wetu wengi huchezea uwanja wa udongo au murram, au wa majani yenye mashimo na mizizi. Mpira uliopigwa chini kwa adabu hugonga kijiwe, ukaruka ghafula hadi usoni mwa mtu. Aliyepiga hakukosa, na aliyepigwa hakukosa. Ndiyo maana nasema kwamba mtoto achezaye kwenye murram ahitaji kinga kuliko yule achezaye kwenye zulia; na ajabu ni kwamba yeye ndiye mara nyingi asiye nayo.

KITU CHA KWANZA: KINGA YA MENO

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, katika kitabu chake cha sheria, lawashauri wachezaji wote wa uwanjani wavae kinga za miundi, za vifundo vya miguu na za kinywa. Ni ushauri wala si amri. Lakini ushauri wa mtu aliyeona mengi haupuuzwi. Tahadhari kabla ya hatari.

Kinga ya meno ni kitu kidogo kilichofinyangwa mfano wa kiatu cha farasi, ambacho huvaliwa kwenye meno ya juu. Ziko namna tatu. Ya kwanza huuzwa ikiwa tayari, nayo aghalabu hailingani na kinywa cha mtu yeyote. Ya pili hulainishwa katika maji ya moto, kisha mtoto huiuma nayo ikachukua umbo la meno yake. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno kwa kupima kinywa cha mtu mwenyewe. Hii ndiyo bora kupita zote, lakini bei yake ni kubwa. Kwa wanafunzi walio wengi, ile ya pili yatosha.

Mzazi atakayeinunua afuate maelezo yaliyoandikwa katika pakiti yake, hasa kuhusu muda wa kuiacha katika maji ya moto. Ikitolewa, ipoe kidogo isije ikamwunguza mtoto. Kisha aivae kwenye meno ya juu, aume taratibu, na kuibana kwa midomo na ulimi mpaka ishike. Kuijaribu ni rahisi: mtoto afumbue kinywa bila kuuma. Ikiwa kinga yabaki juu pasipo kuanguka, naye aweza kupumua na kusema maneno yanayosikika, basi imemkaa. Ikianguka, haijamkaa, na kinga isiyokaa ni kama mwavuli uliosahauliwa nyumbani.

Kitu hiki hakiazimwi, hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Kwanza, kimechukua umbo la kinywa kimoja, na kwa kinywa kingine hakifai. Pili, ni kitu chenye mate ya mtu. Baada ya mchezo kioshwe kwa maji baridi na mswaki, kikaushwe, na kutiwa katika kijisanduku chenye matundu. Kisiachwe juani wala kisitiwe tena katika maji ya moto, maana kitapotoka. Na kwa kuwa kinywa cha mtoto hukua, na meno ya utoto hutoka yakaja mengine, yafaa mzazi akikague kila muhula. Kikibana, kikilegea au kikipasuka, wakati wake umekwisha.

KITU CHA PILI: KINGA ZA MIUNDI

Mzazi, pitisha kidole chako mbele ya mguu wako, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Utaona kwamba hapana nyama baina ya ngozi na mfupa. Hapo ndipo mpira na magongo hupenda kufika, kwa kuwa kazi yote ya mchezo huu iko chini. Mtoto aliyepigwa muundi mara mbili bila kinga hujifunza kuukimbia mpira badala ya kuukimbilia. Basi hata kama hakuvunjika, mchezo wenyewe umekwisha moyoni mwake.

Kinga njema yafunika muundi wote na kushuka hadi kwenye kifundo cha mguu, nayo huvaliwa ndani ya soksi ndefu. Zile za kandanda mara nyingi ni fupi na huacha kifundo wazi. Zafaa kuliko kukosa, lakini ukinunua mpya, ulizia za mpira wa magongo. Wako watoto wanaokunja vipande vya katoni na kuvitia katika soksi. Werevu wao ni wa kusifiwa, lakini katoni humdanganya aliyeivaa: humpa ujasiri wa mtu mwenye kinga bila ya kumpa kinga.

Faraja ya mzazi ni kwamba kinga za miundi hudumu. Zikitunzwa, mkubwa huzirithisha kwa mdogo wake, naye kwa mdogo wake tena. Fedha iliyotolewa mara moja huwahudumia watoto wawili au watatu.

NA GONGO JE?

Gongo ni zuri, na mtoto hulitamani kuliko vitu vyote. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Shule yenye wanafunzi 300 haihitaji magongo 300. Timu mbili zikicheza kwa pamoja, magongo 22 yatosha. Nao wakiondoka, darasa lifuatalo huyashika yale yale. Magongo 22 yaweza kuwachezesha wanafunzi 300 kwa zamu. Lakini kinga 22 za meno haziwezi kuwakinga wanafunzi 300. Kwa hesabu hiyo, shule ikinunua magongo na wazazi wakinunua kinga, kila upande umechukua mzigo unaouweza.

Mzazi mwenye uwezo wa kununua gongo vilevile, na asikie maneno haya manne. La kwanza ni urefu. Lisimamishe gongo kando ya mguu wa mtoto. Ncha ya mpini yafaa ifike kwenye mfupa wa nyonga. Tuna desturi ya kununua vitu vikubwa tukisema, "Atakua navyo." Desturi hiyo ni njema kwa sweta, bali kwa gongo ni mbaya. Gongo refu humgonga mtoto tumboni, humchelewesha kupiga, na humfanya ampate jirani yake badala ya mpira.

La pili ni kitu lilichotengenezwa nacho. Yako ya mbao, yako ya nyuzi za kioo, na yako ya kaboni. Yale ya kaboni ndiyo ya bei kubwa, nayo ni magumu. Yamfaa mchezaji aliyekwisha pevuka. Kwa anayeanza, gongo la mbao au la nyuzi za kioo ndilo linalomtii. La mbao lisiachwe majini wala mvuani, na likichanika lifungwe kwa utepe, kwa kuwa kibanzi cha mti hukata kama kisu.

La tatu ni kwa wazazi wenye watoto wa mkono wa kushoto. Msihangaike madukani mkitafuta gongo la kushoto. Sheria za mchezo huu hazilitambui. Wote, wa kulia na wa kushoto, hutumia gongo la namna moja, na mtoto hulizoea.

La nne ni kwa wanaofikiri kumwendea seremala. Kichwa cha gongo halisi la mbao hukunjwa kwa joto, ndipo nyuzi za mti zikafuata mpindo wake. Seremala anayelichonga katika ubao ulionyooka huzikata nyuzi hizo, na gongo huvunjika pale pale penye mpindo. Kwa watoto wadogo wanaojifunza kwa mpira laini, gongo la seremala halina ubaya. Lakini halifai kukutana na mpira mgumu. Magongo mengi hutoka Sialkot katika Pakistan na Jalandhar katika Uhindi, ambako kazi hiyo imekuwa ufundi wa miji hiyo. Ndiyo sababu bei yake huchukua pamoja na gharama za bahari na forodha.

Kuna vifaa ambavyo mzazi mmoja asiombwe kununua, navyo ni mavazi ya mlinda lango. Sheria zamtaka avae walau kofia ngumu yenye kufunika uso, kinga kubwa za miguu, na viatu vizito vya kupigia mpira teke. Kifua na mikono navyo vyahitaji kukingwa. Mavazi hayo ni ya shule, na huvaliwa na yeyote anayesimama langoni. Yakiwa hayapo, watoto wacheze bila mlinda lango. Mzazi akisikia kwamba mwanawe amewekwa langoni kwa shati na suruali, ana haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, kwa heshima, na kukataa.

MANENO YA WENYE SHAKA

Huenda mzazi akasema, "Sisi tulicheza mpira wa matambara, miguu mitupu, na hapana aliyekufa." Ni kweli. Lakini mpira wa matambara na makaratasi haujapata kumng'oa mtu jino. Kinga hufuata hatari, haifuati desturi. Mwendesha pikipiki haachi kofia nyumbani kwa sababu babu yake alikwenda kwa miguu.

Mwingine atasema, "Mchezo huu si wetu; ni wa Wahindi na wenye mali." Neno hili lahitaji jibu la taratibu, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Zamani za ukoloni vilabu vilitengwa kwa rangi, na mpira wa magongo ulistawi hasa katika vilabu vya Kalasinga na vya Wagoa. Watu hao waliuletea nchi hii sifa kubwa. Kenya ilipokwenda katika michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne mwaka 1956, timu ya magongo ilikuwamo. Mwaka 1964 huko Tokyo ilishika nafasi ya 6, na katika Kombe la Dunia la kwanza, huko Barcelona mwaka 1971, ilikuwa ya 4. Avtar Singh Sohal, mzaliwa wa Nairobi, alicheza katika Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Mara ya mwisho timu yetu kufika huko ilikuwa Seoul, mwaka 1988.

Lakini habari haikuishia katika vilabu vya mjini. Friends School Kamusinga, iliyoko Kimilili, imepata kuwa bingwa wa shule za nchi nzima. Musingu katika Kakamega na shule ya wasichana ya Tigoi katika Vihiga zimejipatia jina katika mchezo huo huo. Watoto wa shule hizo si watoto wa matajiri wa Nairobi. Ni watoto wa wakulima, wa walimu, na wa watu wa kazi kama sisi. Basi mchezo hauna kabila wala rangi. Una vifaa tu. Na asiye na vifaa hubaki nje, hata kama hapana tena ubao wa kumkataza mlangoni. Ikiwa watoto wenye kinga watakuwa ni wa wenye fedha peke yao, tutaujenga upya kwa mikono yetu ukuta ule ambao wazee wetu waliubomoa.

Wa tatu atasema, "Wangu ni msichana." Mpe kinga ile ile, na kwa haraka ile ile. Wanawake walipocheza mpira wa magongo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Moscow mwaka 1980, dhahabu ilichukuliwa na Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miezi michache tu tangu kupata uhuru. Na hapa kwetu, timu ya wanawake iliyojulikana kwa jina la Telkom ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi. Jino la msichana si la bei ndogo kuliko la mvulana.

Wa nne atauliza, "Na masomo?" Mtoto anayecheza kwa saa na kurudi kwa saa hujifunza kugawa siku yake. Katika mtaala mpya wa umilisi, mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Michezo imeingia darasani kwa mlango wa mbele. Haifai tuipokee kwa mlango wa nyuma.

SHAURI LA FEDHA

Najua kwamba neno lililo gumu kuliko yote ni fedha. Karo, sare, nauli na unga vimekwisha panga mstari mbele ya kinga ya meno. Lakini wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mzazi mmoja akienda dukani peke yake hununua kwa bei ya duka. Wazazi 40 wakienda kwa pamoja huuliza bei katika maduka matatu, wakachagua. Wazazi 40 wakiweka shilingi 150 kila mwezi, kila mwezi hupatikana shilingi 6,000, na kwa muhula wa miezi mitatu ni shilingi 18,000. Muhula wa kwanza wanunue kinga za meno. Wa pili, kinga za miundi kwa wale wasiorithi. Wa tatu, waisaidie shule katika magongo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu afisini twajua kwamba michango mingi mema huharibika kwa kukosa karatasi moja, nayo ni risiti. Basi mchango uandikwe. Aliyetoa apewe risiti. Kilichonunuliwa kiandikwe katika daftari la stoo. Aliyechukua gongo la shule atie sahihi, na akirudisha atie sahihi tena. Wazazi waonyeshwe daftari hilo mwisho wa kila muhula. Gongo lisiloandikwa huota miguu.

Kadhalika ni vizuri wazazi wa shule za serikali wajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa sababu ya kutolipwa michango ya ziada, na kwamba yeyote anayekusanya mchango sharti atoe risiti rasmi. Sheria hiyo imewekwa kumlinda mtoto wa maskini. Isiwe kisingizio cha mwenye uwezo kukaa kimya.

Na yule ambaye hana kabisa? Katika kila kijiji yuko mjane anayelea wajukuu, yuko mwenye mgonjwa nyumbani. Yafaa kamati ya wazazi inunue kinga tano au sita zaidi ya idadi ya waliolipa, na mwalimu azitoe kwa siri, pasipo kutaja jina mbele ya darasa. Mtoto aliyepewa kwa aibu hukiacha kitu kile nyumbani. Aliyepewa kwa staha hukivaa.

IKITOKEA AJALI

Hata mwenye kinga huweza kuumia, kwa hiyo nitaongeza neno moja ambalo kila mzazi na kila mwalimu apaswa kulijua. Jino la ukubwani likitoka zima zima, lisitupwe. Lishikwe kwa upande unaoonekana kinywani, si kwa mzizi. Likiwa na udongo, lioshwe kidogo tu, bila kusuguliwa. Ikiwezekana, lirudishwe mahali pake pale pale, na mtoto aume kitambaa safi. Isipowezekana, litiwe katika kikombe cha maziwa. Kisha apelekwe kwa daktari wa meno upesi, kabla ya saa moja kupita, kwa kuwa kila dakika hupunguza tumaini la jino kushika tena. Jino la utoto halirudishwi. Lakini mtoto apelekwe vilevile akatazamwe.

Tazameni tofauti ya gharama. Upande mmoja ni kinga iliyonunuliwa dukani mara moja. Upande wa pili ni nauli ya haraka, daktari, dawa, siku za shule zilizopotea, na pengo ambalo kijana atalificha kwa kiganja kila anapocheka, hata siku ya harusi yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa kinywani hujengwa kwa fedha nyingi.

Basi, ndugu zangu, ombi langu ni dogo. Kabla ya mchezo ujao wa shule, kila mzazi amwulize mwanawe maswali mawili: "Kinga yako ya meno iko wapi?" na "Kinga zako za miundi ziko wapi?" Akivionyesha, mpeni heri aende akacheze. Asipovionyesha, mwandikieni mwalimu mstari mmoja kwamba mwana huyu asiingie uwanjani wiki hii, na chini yake mtaje tarehe ambayo vitu hivyo vitapatikana. Tarehe hiyo itimizwe, maana ahadi ni deni, na mtoto aliyesimama kando ya kiwanja huhesabu siku kuliko mwenye duka.